Kioo Kipana cha Chumba cha Vicheko

Mtu akiniuliza ni nani aliyewachekesha watu wengi kuliko wote hapa mjini kwetu Kokand, Uzbekistan, sitamtaja msanii yeyote wa jukwaani. Nitamtaja Hidoyat, mwanamke mwenye uso mkavu ambaye yeye mwenyewe alicheka kwa nadra sana, aliyeshika ufunguo wa Chumba cha Vicheko bustanini tangu tukiwa wasichana. Mimi Sanobar nilikuwa nauza mbegu za alizeti mlangoni pake, na mpaka leo nauza, kwa hiyo asije mtu hapa akanisahihisha.

Chumba chenyewe kilikuwa kibanda cha mbao cha rangi ya samawati, kati ya bembea za minyororo na gurudumu kubwa la kupandisha watu juu. Ndani hamna kitu ila vioo vya kupinda, vimepangwa ukutani. Kimoja kinakurefusha shingo, kingine kinakufupisha miguu mpaka viatu vinaotea magotini, kingine kinakuvuta mdomo hadi sikioni. Na mwisho kabisa, karibu na mlango wa kutokea, kile kipana. Ukisimama mbele yake unageuka tanuri la mikate, uwe nani. Hata wachezaji wa densi walioletwa kutoka Tashkent, wembamba kama nyuzi, walitoka pale wameshika matumbo yao kuhakikisha.

Lakini kioo peke yake kitamchekesha nani? Ukikitazama mara moja, mara mbili, umemaliza. Hidoyat ndiye aliyekuwa kazi yenyewe. Anakuingiza ndani, anakutazama kuanzia viatu hadi kofia, na anajua pa kukuanzia. Mwembamba anampeleka kwenye kioo cha kurefusha: "Mwanangu, kwenu mnakula au mnanusa tu?" Mtu na mama mkwe wake anawasimamisha bega kwa bega kwenye kioo cha kuvuta mdomo: "Haya, sasa semeni yote mliyokuwa mkisemana nyuma ya mlango." Sisi watu wa Kokand tuna ugonjwa mmoja, hatuwezi kumwona mtu tukaacha kumtania, na aliyetaniwa asiporudisha tunamhurumia. Kwa hiyo mule ndani ilikuwa vita. Anayeingia anarusha, Hidoyat anarudisha, na uso wake haubadiliki hata chembe.

Kulikuwa na mkaguzi mmoja wa sokoni. Wauza nyama wakimwona walikuwa wanasahau majina ya watoto wao. Siku alipokuja bustanini, Hidoyat akamsimamisha kwenye kioo cha kufupisha miguu. "Karibu, mkubwa," akamwambia. "Leo na sisi tumekuona ulivyo." Watu wakaacha hata kutafuna. Mimi nikaanza kukusanya mbegu zangu nikijua kibanda kinafungwa sasa hivi. Yule bwana akajitazama, akacheka mpaka kofia ikamdondoka, na wiki iliyofuata akaja na mkewe.

Na kulikuwa na binti aliyeungua shavu utotoni, mama yake alikuwa ameondoa vioo vyote nyumbani. Hidoyat hakumtania. Alisimama naye mbele ya kioo kingine, kinachovuruga kila sura, wakakaa wakijitazama. "Unaona?" akamwambia. "Humu ndani hamna aliyenyooka. Chagua wa kumcheka." Yule mtoto akanichagua mimi niliyekuwa nachungulia mlangoni! Nilimpa mbegu bure, mshenzi mdogo yule.

Niseme pia habari ya harusi ya Hidoyat mwenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa. Kwetu bibi na bwana harusi wanafunikwa shela moja, wanawekewa kioo, wanatazamana humo, na wanawake wanamwuliza bwana: umeona nini? Naye anajibu: mwezi. Jibu ni hilo, na hata mpumbavu analijua. Sasa Hoshim, mume wa Hidoyat, fundi wa gurudumu kubwa, alikuwa mtu wa aibu. Alipoulizwa alinong'ona, wanawake wakapiga vigelegele na madufu, na Hidoyat aliyekuwa naye chini ya shela moja hakusikia. "Nilisema nitamwuliza," aliniambia siku moja ya baridi, wateja hamna, tunapasha mikono kwenye birika. "Kila siku nikasema kesho. Nilidhani tuna muda." Hoshim alikufa mapema, na mtoto hawakujaliwa.

Mjane hakaribii kioo cha harusi. Wanasema ana mkosi. Kwa hiyo kila harusi tuliyokwenda, kioo kikitolewa tu, Hidoyat ananyanyuka mwenyewe kwenda kukata karoti za pilau. Hakungoja kuambiwa. Roho ilikuwa inaniuma, naye nikimgusa anasema, "Niache, karoti hazijikati."

Basi, akaja Doniyor, meneja mpya. Kijana mpole, sina la kumsingizia. Akang'oa bembea za minyororo akaweka zinazorushwa na mota. Gurudumu akalifunga viti vya kioo na taa. Na kibanda cha samawati akasema kibomolewe, maana jirani yake ameshajenga ukumbi wa vicheko wa kisasa, wenye skrini. Unasimama mbele ya skrini, unaota masikio ya paka, unazeeka, unakuwa mtoto, unageuka samaki anayeimba.

Nilikwenda kujaribu, sitadanganya. Nikageuka mbuzi mwenye miwani, nikacheka hadi machozi. Ni kitu kizuri. Lakini nilipogeuka nimwonyeshe mtu, kila mmoja alikuwa na skrini yake, anajichekea kivyake. Nikatoka na kicheko changu, nikakosa wa kumgawia.

Hidoyat hakupigana. Alimwomba Doniyor kitu kimoja tu, kile kioo kipana kibaki bustanini.

"Mama, kimechubuka," akasema Doniyor. "Pembeni kimeshaota madoa. Wageni watasema bustani yetu ya zamani."

"Na ni ya zamani."

"Mama yangu, nakuheshimu. Jumapili gari la taka linakuja kuchukua vioo vyote. Ukipata mtu wa kukichukua, chukua, sitakudai hata somu moja."

Alihangaika huku na huku. Mwenye nyumba ya chai alimcheka: "Nikiweke watu wakiwa wanakula pilau, Hidoyat? Nani ataagiza sahani ya pili?" Shuleni wakasema watoto watakivunja. Chumbani kwake ghorofa ya juu, kwenye ngazi hakipiti. Nikamwambia, haya, basi kikatwe, chukua kipande cha ukumbusho. Aliniangalia kana kwamba nimemtukania marehemu.

"Sitaki ukumbusho," akasema. "Nataka watu wasimame mbele yake wawili wawili. Kioo kisichokuwa na watu ni ukuta tu, Sanobar. Wakikitupa hicho, mimi kazi niliyoifanya maisha yangu yote ilikuwa nini? Kupangusa?"

Nikamjazia kiganja mbegu.

Jumamosi vioo vyote vilikuwa nje tayari, vimeegemezwa kwenye ukuta wa kibanda, vinangoja gari. Mchana ukaingia msafara wa harusi kupiga picha, kama kawaida, magari yamefungwa riboni, tarumbeta ndefu zinalia. Mara tarumbeta zikanyamaza. Watu wakashuka, upande wa bibi harusi huku, upande wa bwana harusi kule, katikati uwanja mtupu. Bibi harusi, Zebo, wanja umemtiririka hadi kidevuni. Bwana harusi, Ilhom, anaikodolea macho ncha ya kiatu chake.

Shangazi wa bibi harusi, Mastura, akaja kwangu kununua mbegu za kutafunia hasira. Mimi nikauliza, kwani nimezaliwa kunyamaza?

"Amesema taa!" akafoka. "Tumemwekea kioo, tumemwuliza umeona nini, mbele ya wazee na majirani, akasema 'taa'! Mtoto wetu ni taa? Anazimwa na kuwashwa?"

"Shangazi, kioo chenyewe ndicho kilichokuwa na taa!" Ilhom akapaza sauti kutoka kule, sauti inamkatika. "Balbu zimekizunguka pande zote! Nimefumbua macho nikapigwa na mwanga, sikuona kitu! Nimeulizwa nimeona nini, nikasema kweli!"

"Kioo cha kisasa kile! Nimekiagiza Tashkent!"

"Basi kiulize chenyewe kimeona nini!"

Mungu wangu. Mama wa bwana harusi akaanza kuelekea garini. Zebo akakaa kwenye ukingo wa bustani ya maua na gauni lake jeupe, akalia wazi. Ndoa haijamaliza hata siku moja, nayo inavunjikia pale mbele ya mbegu zangu.

Hidoyat akatoka kibandani na kitambaa cha kupangusia. Akamwinua Zebo kwa kiwiko, akamvuta Ilhom kwa tai hasa, kama ng'ombe wa mnadani, akawasimamisha mbele ya kioo kipana.

Mastura akaruka. "Wewe! Wewe si yule mjane wa fundi wa gurudumu? Mjane na kioo cha harusi, wapi na wapi? Toa mikono yako!"

Niliona mkono wa Hidoyat ukirudi nyuma. Mwanamke aliyemtania mkaguzi wa soko bila kupepesa macho, pale akageuka aondoke. Ningekuwa na mawe badala ya mbegu, yule Mastura angenitambua.

"Shangazi," akasema Zebo akijifuta wanja kwa mgongo wa mkono, "yeye hajakishika. Kimesimama chenyewe." Akamgeukia Hidoyat. "Mama, usiende. Tuulize wewe."

Hidoyat akakunja kile kitambaa, akakikunja tena, halafu akauliza kwa ile sauti yake kavu: "Haya, bwana harusi. Kabla hujajibu, taa unaiona?"

"Hapana, mama."

"Basi umeona nini?"

Ilhom akatazama. Bibi harusi wake alikuwa amejaa kioo kizima, gauni limemwagika hadi kwenye fremu, mashavu kama mikate miwili inayoumuka, na yeye mwenyewe pembeni, tanuri lililovaa tai. Nikaona jasho likimtoka. Akisema mwezi, anadanganya mchana kweupe. Akisema alichokiona, anazikwa leo leo.

"Mwezi," akasema. "Mwezi mpevu." Akameza mate. "Ila kwa kweli sijui nitaupitisha vipi mlangoni."

Zebo akapasuka. Alicheka mpaka shela ikamwangukia begani, akamshika Ilhom mkono asianguke.

"Na wewe, bibi harusi?" akauliza Hidoyat. "Umeona nini?"

"Tanuri, mama. Lakini si baya. Mikate haitakosekana."

Basi ikawa vurugu. Wajomba wakasukumana kuingia kiooni. Mama wa bwana harusi akarudi kutoka garini kuona wanacheka nini, akajiona, akapiga ukelele. Hidoyat akamgeukia Mastura: "Na wewe shangazi karibu, au unaogopa?" Mastura akasogea shingo upande, akajitazama. "Yallah, huyu nani?" "Huyo ndiye anayekula akiba yako ukilala," akamwambia Hidoyat. Mastura akacheka kwa pua kwanza, halafu kwa mwili wote, mbegu zangu zikamwagika chini zote. Hakunilipa, yule, na mimi sikudai. Pande mbili zilipiga picha moja, zimebanana mbele ya kioo chenye madoa.

Doniyor alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi wake mpya. Alitazama mpaka mwisho, akaingia ndani.

Jumapili gari la taka likaja. Kioo cha kurefusha kilikwenda, cha miguu kikaenda, na kile cha kuvuta mdomo kilivunjika wakati wa kupakiwa. Nasema hivi asije mtu akadhani kila kitu kiliokolewa. Hidoyat alisimama pale hadi gari likatoka langoni, mikono nyuma. Lakini kile kipana, vijana wa gari walipokigusa, Doniyor aliwaambia kiacheni. Akakitengenezea kijipaa cha bati kando ya ukumbi wa skrini, na kiti cha Hidoyat pembeni. "Watoto watakwenda kwangu, mama," akamwambia, "na maharusi watakuja kwako." Nilimsamehe yale mambo ya gurudumu. Si yote, lakini mengi.

Maana zile picha zilisambaa kwenye simu za watu, na sasa msafara wa harusi usiopita kwa Hidoyat unahesabiwa si wa harusi. Nyumbani wanatazama kioo kilichonyooka na kusema mwezi kama ilivyoagizwa. Kisha wanakuja hapa, wanatazama kilichopinda, na hapa ndipo tunapojua bwana harusi ana akili au amevaa suti tu. Anayeuliza ni yeye, yule mjane wa kukata karoti. Majimama yenye waume na wajukuu yanapanga foleni nyuma yake, yakimwita dada.

Jumamosi iliyopita, msafara wa mwisho ulipoondoka, nilijikongoja na gunia langu nikasimama naye mbele ya kioo. Bibi wawili wapana kama magari ya pamba. Akanyanyua kitambaa apanguse.

"Acha hicho kitambaa," nikamwambia. "Hidoyat, umeona nini?"

Mkono ukasimama hewani. "Usinifanyie hivyo, Sanobar."

"Unawauliza watoto wa watu kila wiki. Leo nakuuliza mimi. Umeona nini?"

Akajitazama. Mimi nilidhani atalia, na nilikuwa nimeshaanza kujuta. Kisha akajibu kwa sauti kubwa hadi vijana wa bembea za mota wakageuka.

"Mwezi!"

Halafu akanipiga kikumbo cha ubavuni.

"Ila wewe umeuziba nusu. Sogea huko."

Nikasogea.