Umri Wangu Mbele ya Kamati

Kwenye hati zangu zote mimi ni mdogo kuliko nilivyo, kwa miaka mitatu kamili. Wanawake wenzangu huniambia nishukuru. Nami nilishukuru, mpaka rasimu ya kanuni mpya za pensheni za watumishi ilipofika kwenye meza ya kamati ambayo mimi ni katibu wake.

Kosa ni la baba. Tulipofika Maskati kutoka Unguja nilikuwa na miaka tisa, Kiarabu sijui kukisoma wala kukiandika, na baba akaambiwa darasa la kwanza halichukui mtoto mkubwa hivyo. Vyeti vyetu vilibaki tulikotoka. Tukasimama mbele ya meza ya karani, baba akasema nina miaka sita, mama akaitikia, na nilipotaka kufungua mdomo mama alinibana mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Karani akapiga muhuri. Nikaanza shule nikiwapita wenzangu wote kwa kichwa kizima.

Kamati yetu ni ya baraza la mji, na hukutana mtaa wa Al Khuwair, ghorofa ya tatu. Haitungi sheria. Hupewa rasimu, huijadili, kisha hupeleka maoni yake juu. Nimeandika kumbukumbu za vikao vyake miaka mingi, na mpaka leo siwezi kusema kwa yakini lini jambo limepita na lini limekufa. Kifungu husifiwa na kila mtu, hupelekwa kwa wanasheria, kisha hurudi kikiwa na namba nyingine. Siku moja niliandika "kimekubaliwa", mwenyekiti akanisahihisha kwa upole: hawakukikubali, walikubaliana tu kwamba ni kizuri. Nikafuta, nikaandika hivyo.

Kifungu nilichokifuatilia mimi kilihusu watu ambao umri wao uliandikwa kwa kukisia walipoingia nchini. Kilisema mtumishi wa namna hiyo anaweza kurekebishiwa umri kwa ushahidi wa mzazi aliye hai. Kikipita, nastaafu mwaka huu. Kisipopita, miaka mitatu mingine. Na mama, mzazi pekee niliyebaki naye, ameanza kusahau. Dada wa kazi anayemtunza hunipigia simu kazini kuniambia kwamba mama ananitafuta chumba hadi chumba. Nilitaka kukaa naye wakati bado ananijua. Sikuwa na haja nyingine na pensheni yao.

Wajumbe walijadili vikao vitatu. Aliyekipinga kifungu mwezi huu alikitetea mwezi uliofuata, na kwenye kumbukumbu zangu wote walionekana kusema jambo moja. Mwishowe mjumbe mmoja akataka waone kwanza ushahidi wenyewe unavyotolewa, ndipo watoe maoni. Wakanigeukia mimi. Kisa changu nilikwisha kuwasimulia kwenye chai, mara nyingi kuliko inavyompasa katibu. Nikasema mama atakuja.

Sikubahatisha. Wiki ileile mama alinitajia, bila kuulizwa, kwamba mimi na binamu yangu tumenyonya mwaka mmoja, na hiyo ni kweli. Asubuhi ya kikao nilimvalisha buibui lake jipya, nikamfukiza udi, naye njia nzima alikuwa mchangamfu, ananisomea majina ya maduka. Nilijiambia leo ni moja ya siku zake nzuri.

Alimiminiwa kahawa. Mwenyekiti, ambaye wazee wake nao walitoka Unguja, alimgeukia akamwamkia kwa Kiswahili.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Tunataka utusaidie jambo moja. Huyu bintiyo ana miaka mingapi?"

Mama akaitazama meza. Akayaona makaratasi, kalamu, na muhuri wangu juu ya kibao chake cha wino. Akakaa sawasawa. Chini ya meza mkono wake ukautafuta wangu, ukaubana.

"Sita," akasema. "Mrefu tu huyu. Kwao kwa baba yake wote warefu."

Hakuna aliyecheka. Nikamwambia, "Mama, waambie kweli," vidole vyake vikanikaza zaidi.

"Nnawaambia kweli. Muandikeni, baba zangu. Mtoto anataka kusoma."

Mwenyekiti alimshukuru. Mshauri wa sheria akasema kwa Kiarabu, kwa sauti ya chini, kwamba ushahidi wa wazee una matatizo yake na kifungu kirudi kwa wanasheria. Nikaandika kwamba kimerudi. Sikujua kama nimekiua, kwangu na kwa wengine wote wenye hati kama zangu, au kama kitatokea tena mwakani na namba mpya. Nilitaka kumkasirikia mama, nikashindwa. Nikajaribu kumkasirikia baba, lakini bila uongo wake nisingekuwa hata na kazi ya kustaafu. Nilikusanya karatasi zangu zote, kisha nikagundua nimechukua na za mshauri.

Kwenye barabara kuu magari yalikuwa hayaendi. Mama, mkoba mapajani, aliushika tena mkono wangu, akanigeukia.

"Wamekukubali?"

Nilitazama gari la mbele.

"Wamenikubali, mama."

"Alhamdulillahi," akasema, na ndipo alipouachia mkono wangu. "Basi kesho uamke mapema, mwanangu. Usije ukachelewa siku ya kwanza."