Gari la Kumrudisha Mama

Nilisikia mlio kabla sijaliona gari. Ulitoka chini mtoni, nyuma ya migomba, mzito, wa kukwaruza, kisha ukanyamaza kidogo kama mtu anayevuta pumzi, kisha ukaendelea kupanda kwa sauti ya chini zaidi. Mama alikuwa ameketi kwenye kibaraza na blanketi magotini ingawa jua lilikuwa kali. Aliinua kidevu.

"Hiyo imeingia gia," alisema. "Hiyo inaweza kufika."

Ndivyo tulivyoishi mwaka ule, nyumbani kwetu juu ya bonde, upande wa Kanyakine: tukisikiliza magari. Figo za mama zilikuwa zimechoka kabisa. Mashine za kusafisha damu zilizokuwa karibu nasi hazikuwa na nafasi, na nafasi ilipopatikana ilikuwa Embu, mara mbili kwa wiki. Kati ya kwetu na Embu kuna lami nzuri, lakini lami hiyo inakutana na kila mto unaotoka mlimani. Inashuka, inavuka, inapanda. Inashuka, inavuka, inapanda. Kigari chetu cha zamani kilikuwa kimekufa kwenye mojawapo ya miinuko hiyo, mama akiwa ndani, na tangu siku hiyo tulikuwa tukiazima magari ya watu, kila mara tukirudi na maneno ya kuomba radhi.

Dada yangu ameolewa Runyenjes, karibu tu na Embu. Ana chumba cha ziada chenye dirisha linaloangalia mibuni. Alikuwa ameshatandika kitanda. Mtu asiyetujua angeuliza: si mama alale huko, amalize kutibiwa?

Mama hakutaka hata kulisikia jambo hilo. Kwetu mama mkwe halali kwa mkwewe. Atafika, atapewa chai, ataketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango, lakini jua likianza kuinama lazima awe njiani. Naye mkwe hamshiki mkono wala hamtazami usoni, na wakikutana kwenye kijia mmoja wao hujitia kando. Shemeji yangu ni mwalimu, ana simu nzuri na maoni juu ya kila kitu duniani, lakini kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akiwa chumba kimoja na mama.

"Mama, sisi tumeokoka," dada alimwambia kwenye simu, akilia. "Hayo mambo yaliisha na nyanya."

"Yesu aliniokoa na dhambi," mama akajibu. "Aibu aliniachia nijitunzie mwenyewe."

Akatupa sharti moja, mimi na kaka yangu. Alilisema bila hasira, akitoa mawe kwenye maharagwe. "Nitafutieni gari la kunirudisha. Nikijua nitalala kitandani mwangu, nitaenda. Mkishindwa kunirudisha, basi msinipeleke tena."

Sote tulijua kutompeleka kulimaanisha nini. Daktari alikuwa ametueleza kwa lugha ya polepole, kama anayewasomea watoto.

Kaka yangu ananunua ndizi mashambani na kuziuza Nkubu. Alikata shauri kwamba tutafute gari la familia la safu tatu. Mama ataegemea safu ya kati, kiti kikiwa kimelazwa, sisi tukae mbele, na safu ya nyuma ibaki kwa ajili ya watu. Ndiyo, watu. Kwetu gari haliondoki kwenda Embu likiwa na viti vitupu. Ukipita na viti vitupu umewatukana majirani. Tena hufiki kwa binti yako mikono mitupu: utabeba ndizi, utabeba viazi, utabeba maziwa kwenye kibuyu na kuku aliyefungwa miguu. Hakuna aliyewahi kukaa chini akaliamua jambo hilo. Tulilibeba tu, kama tunavyobeba majina ya babu zetu.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kusoma. "Wewe mwandishi," kaka alisema, "si unasema maneno ni nguvu? Tafuta nguvu za hizo injini." Nilikuwa nimetoka kwenye chumba changu cha kupanga pale Meru mjini, ambako mimi na wenzangu tulikuwa tukisomeana hadithi na kubishana hadi chai ipoe. Sasa nililala simu ikiwa kifuani, nikilinganisha msukumo wa dizeli na wa petroli, giaboksi ya gia sita na giaboksi ya mkanda. Sijawahi kusoma riwaya yoyote kwa hofu kiasi hicho. Nilitafuta sentensi moja tu, itakayosema: hili litamfikisha.

Mtu mmoja wa Meru mjini alikubali kutukodishia magari mawili, kila moja kwa siku yake ya kliniki. Tungeonja, kisha tungejua la kununua.

La kwanza lilikuwa lile jeusi la dizeli, ambalo mlio wake mama aliutambua kuwa umeingia gia. Kaka alishuka akilipigapiga mlango kama shingo ya ng'ombe.

"Hii iko na nguvu ya fahali," alisema. "Hata huhitaji kuikanyaga."

Ilikuwa kweli. Injini ilivuta kutoka chini kabisa, bila kupiga kelele. Tukishuka Nithi, pale penye ajali nyingi, ambapo kila mtu hunyamaza, kaka aliirudisha gia kwa mkono na gari likajizuia lenyewe, breki zikapumzika. Nyuma walikaa akina mama wawili wa kanisani, pamoja na viazi na mkungu wa ndizi, na gari halikuonyesha kwamba limebeba kitu. Nilianza kuamini.

Wakati wa kurudi ndipo nililifahamu. Mtu aliyetoka kwenye mashine huwa mwepesi kama kitambaa kilichokamuliwa: shinikizo la damu limeshuka, misuli inakakamaa, tumbo halitaki kutikiswa. Na lile gari jeusi lilikuwa na tabia. Ukilikanyaga kwenye mwinuko lilikaa kidogo likifikiri, hadi turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, ijae, kisha likabadilisha gia kwa kishindo na kuruka mbele. Kila mlima likafikiri, kila mlima likaruka. Kila lilipobadilisha, kichwa cha mama kilienda mbele na kurudi nyuma, na mkono wake mzima ukaushika ule wenye bandeji ya sindano za mashine. Alitapika kabla ya Chuka. Alitapika tena Igoji.

"Kanyaga polepole," nilimwambia kaka.

"Nikikanyaga polepole inatafuta gia, inakosa, inarudi. Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

"Basi usikanyage."

"Tusipande, sivyo? Tukae hapa tuzae matunda?"

Mmoja wa wale akina mama akaanza wimbo wa kuomba rehema. Mama akainua kidole, akaomba wanyamaze.

La pili lilikuwa jeupe, la petroli, lenye giaboksi ya mkanda. Halina gia za kuhesabu. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaoteleza kati ya puli mbili, na gari linaongeza mwendo bila hatua, kama maziwa yanavyomiminwa. Asubuhi ile mama alilala. Namaanisha alilala usingizi, mdomo wazi, kutoka tulipoingia lami hadi tulipovuka mto Thuci. Sikuwa nimemwona akilala hivyo tangu augue. Nilimtazama kwenye kioo, nikajikuta nikiahidi vitu mbele za Mungu, vitu ambavyo sikuwa na uwezo navyo.

"Hii ni ya wake za wachungaji," kaka alinong'ona, lakini alikuwa akitabasamu.

Viti vya nyuma vilikuwa vimejaa. Wale akina mama wawili walikuwa wamerudi, wakiwa na magunia yao, na safari hii tulikuwa na mikungu mitatu ya ndizi. Mama mwenyewe ndiye aliyeichagua. Daktari alikuwa amemkataza ndizi. Zile alizozilima maisha yake yote sasa zingeweza, kwa madini yake, kumsimamisha moyo. Alipeleka kwa binti yake kila asichoweza kula. Tuliteremsha mikungu miwili Runyenjes, lakini wakati wa kurudi dada alijaza nafasi hiyo kwa kahawa, mihogo na kuni, kwa kuwa binti naye hamwachi mama yake arudi mikono mitupu. Hakuna kati yetu aliyesema hapana. Tungeanzaje?

Tulishuka hadi Thuci, tukavuka, tukaanza kupanda upande wa pili.

Kaka alikanyaga. Injini ikapaza sauti, ikabaki pale pale: mlio mmoja mrefu, usiopanda wala kushuka, kama mashine ya kusaga isiyokuwa na mahindi. Gari lilikuwa linapiga mayowe huku likitembea mwendo wa mtu mzee. Kwenye kona ya kwanza mwendo ulipungua. Kwenye ya pili taa ndogo ya manjano ikawaka, nami niliijua kabla kaka hajauliza, maana nilikuwa nimesoma: joto la giaboksi. Panda, nilikuwa nikisema moyoni, panda tafadhali, panda, na nilikuwa nimeushika mlango kana kwamba naweza kulisukuma kutoka ndani. Gari likajikatia nguvu lenyewe, kwa adabu, likakokota hadi ukingoni na kusimama.

"Shukeni," kaka akawaambia watu wa nyuma. "Shukeni nyote, na kuni, na kila kitu."

"Tulikwambia tupakie kidogo," mmoja wa wale akina mama akasema.

"Wewe ndiye mwenye hilo gunia!"

"Hilo ni la dada yako, si langu. Langu ni hili dogo."

Mvua ikaanza kunyesha, ile ya matone makubwa ya mbali mbali. Ndani ya gari mlikuwa na joto la kuziba pumzi, na kwa hiyo tulimtoa mama, tukamlaza kwenye khanga juu ya nyasi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nilimwita, akafungua macho, akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la kijiji. Kaka alizunguka gari, akafungua boneti, akaifunga, akaifungua tena. Alikuwa analia na hakujua. "Ni ipoe tu," alirudia. "Ipoe tu kidogo, tutafika."

Nilimpigia dada. Aliyekuja ni shemeji, kwa pikipiki, na mwavuli kwapani.

Alisimama ng'ambo ya barabara. Mtu mzima, mwalimu, mwavuli umefungwa, mvua ikimlowesha, na hakuweza kuvuka. Nikamwona akiangalia kushoto, kulia, juu, kila mahali isipokuwa pale tulipokuwa. Kisha akaufungua mwavuli, akageuka, akavuka barabara kinyumenyume. Alirudi hatua kwa hatua hadi visigino vyake vilipogusa nyasi karibu na kichwa cha mama. Akiwa amempa mgongo, akaunyoosha mkono nyuma, na kumkinga mvua.

Mkono ule ulianza kushuka kwa uchovu, nami nilitaka kuupokea mwavuli, lakini nilielewa kwamba sikupaswa.

Mama ndiye aliyeanza kusema. Maneno yake ya kwanza kwa mtu huyo yalikuwa haya: "Umelowa."

"Sijambo, Mama," akauambia mteremko.

Giaboksi ilipopoa kidogo, gari lilikubali kwenda, lakini kwa nguvu nusu. Miinuko mirefu ilikuwa bado mbele yetu, na nyuma yetu, karibu, palikuwa na Runyenjes. Kaka alishika usukani akiikodolea macho barabara ya kwetu. Sikumwona akiamua. Aligeuza tu gari, na mlio wake, lilipokuwa likirudi kuvuka mto, ukawa mtamu tena, mwororo, kana kwamba halijafanya kitu.

Mama alijua tulikokuwa tukielekea. Alifumba macho.

Dada alimweka kwenye kiti kilicho karibu na mlango, maana mama alikataa kingine. Alikataa uji. Alikataa kuvua viatu. Jua lilikuwa limetoka chini ya mawingu na lilikuwa likiinama nyuma ya mibuni, naye alilitazama kama mtu anayetazama gari lake likiondoka.

"Nirudisheni," alisema. "Au nilazeni nje, kwenye gari. Si hapa."

"Mama, utakufa kwenye hilo gari," kaka akasema.

"Mlisema mtanirudisha."

Tulikuwa tumesema. Nilipiga magoti mbele yake nikatafuta neno, mimi niliyejiona mtu wa maneno, na nilichopata ni viatu vyake vyenye tope. Nikavishika.

Ndipo tuliposikia nyayo za shemeji chumba cha ndani. Alikuwa amepitia mlango wa jikoni. Droo ilifunguliwa, ikafungwa. Alitokea ukumbini akiwa na begi la mazoezi begani na mto wa kulalia mkononi, akatembea kiubavu kando ya ukuta, uso ukielekea picha za harusi yake mwenyewe.

Alisema na dada yangu, lakini kwa sauti ya kumfikia mama. "Kuanzia leo hapa ni kwako. Mimi nimepata chumba kule shuleni. Sina nyumba hapa hadi mgonjwa wako apone."

Dada alifunika mdomo. Sote tulijua mama hangepona; mashine zile hazimponyi mtu, zinamsogezea siku. Naye shemeji alijua.

Mama aligeuza kiti kidogo, akampa mgongo kama inavyostahili. Kisha akainama, taratibu, akaanza kufungua kamba za kiatu.

"Mwambie achukue sweta," alimwambia dada. "Huko shuleni kuna baridi."

Shemeji alirudi ndani akachukua sweta. Akapita tena kando ya ukuta, akatoka, na kwa mkono uliobaki wazi akauvuta mlango nyuma yake hadi ukajifunga.