Tabita Yuko Tunduma

Siku wazee wa upande wa Isaka walipofika kijijini Iyula kumposea Gwantwa, dada mkubwa wa binti huyo, Tabita, alifungiwa kwenye stoo ya kahawa. Hakufungwa kamba. Mama yake alimwingiza kwa upole, akamtandikia mkeka nyuma ya magunia, akamwekea chai na viazi.

"Vumilia mwanangu. Wakiondoka nakufungulia."

Kisha kufuli ikalia.

Kabla ya hapo Tabita alikuwa akiuza vitenge mjini Tunduma. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, akiwachekesha wateja wa Kizambia kwa Kibemba chake cha kuokoteza. Ndipo homa ikamchukua Ipyana, mtoto wake wa pekee. Msibani hakulia, na watu wakamsifu: huyu mama ana imani. Baadaye usingizi ukampaa. Kuoga kukamshinda, na mwisho hata kufungua kibanda. Akawa mtu wa kukaa akitazama ukuta. Sokoni midomo haikukawia. Huku kwetu mtu akifanikiwa tu, husemwa ana ndagu, amemtoa ndugu yake kwa mganga ili mali ije. Wakasema Tabita alimtoa mwanawe, na sasa ndagu imemrudi mwenyewe.

Baba yake, Hezron, mzee wa kanisa la Moravian, alimfuata akamrudisha nyumbani. Waombaji walikemea pepo mpaka sauti zikawakauka. Shangazi akanong'ona kuwa mizimu ya ukoo ina madai yake. Kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa ule, ila hakuna aliyemuuliza anaumwa wapi. Angeulizwa, angeonyesha kifua: hapa, kama pamewekwa jiwe la kusagia.

Sasa, kupitia mbao za stoo, alisikia kila neno.

"Baba Tabita," mshenga alisema, "utuwie radhi, ni desturi. Binti hatuna shaka naye. Ila katika ukoo wenu kuna kifafa? Kuna aliyewahi kurukwa na akili?"

Tabita alisogeza sikio kwenye mbao.

"Hakuna," baba yake akajibu.

"Na huyo Tabita mwenyewe, mbona hatumwoni?"

"Yuko Tunduma. Biashara imembana."

Vumbi la maganda ya kahawa lilimwasha kooni. Alisokomeza pindo la kanga mdomoni akaling'ata. Nje waliendelea kumwita baba yake Baba Tabita, mama yake Mama Tabita, huku Tabita mwenyewe akimeza kikohozi chake gizani. Hakuwachukia. Alijua kama angetoka pale, posa ingevunjika, na watu wangesema kamla mwanawe, sasa kamla na mdogo wake.

Posa ilikubaliwa, lakini kufuli ikabaki, maana wakwe wangeweza kupita saa yoyote. Tabita akaacha kula.

Aliyekuja kuvunja mambo ni Fatu, mjane wa Kirangi aliyekuwa na kibanda jirani na cha Tabita sokoni. Alishuka kwenye bodaboda, baibui limejaa vumbi.

"Hodi mama. Nimekuja kumjulia hali Tabita."

Mama, kwa jinsi alivyokwisha kulizoea jibu, akasema, "Tabita yuko Tunduma."

Fatu akamtazama. "Mama yangu, mimi ndiyo natoka Tunduma."

Mama Tabita akakaa chini pale pale uani, akajifunika uso, akalia. Kisha akafungua fundo la kanga yake, akatoa ufunguo.

Hospitalini, Fatu alikompeleka, daktari, binti mwenye sauti ndogo, ndiye aliyeuliza swali lile: "Unaumwa wapi, dada?" Tabita alieleza mpaka akaanza kulia, kilio kile ambacho hakikutoka msibani. Daktari akamwambia ugonjwa wake unaitwa sonona, kwamba si laana wala pepo, kwamba atatumia dawa na atarudi wazungumze. Vidonge havikufanya muujiza. Lakini ilifika asubuhi moja akasikia harufu ya maharage jikoni, akaona njaa.

Hezron alifurahi, akatoa na sharti. "Rudi Tunduma. Dawa meza, ila asijue mtu." Hivyo Tabita akaenda kuishi mahali baba yake alipokwisha kusema yupo. Harusini alikuja amependeza, wakwe wakamkumbatia, wakamwita mwanamke mchapakazi.

Mvua za kwanza zilipoanza, Gwantwa alimpigia simu kutoka kwa mumewe. Alinong'ona.

"Dada, kuna chumba cha nyuma hapa. Mdogo wake Isaka, shemeji Brian, yumo humo. Anaongea peke yake, wamemfunga mguu. Wazee wetu waliambiwa yuko migodini Galula."

"Wampeleke hospitali ile niliyotibiwa mimi!"

"Nikiulizwa nimeijuaje, nitajibu nini?"

Wiki ile Tabita alipanda gari kwenda Iyula, akamkuta baba yake shambani akichuma kahawa.

"Baba, niruhusu niseme kwamba niliugua, nikapona. Wakinisikia watampeleka yule kijana."

Hezron hakugeuka. "Nilisema hakuna, mbele ya Mungu na mbele ya wazee. Ukifungua mdomo, mdogo wako atarudi hapa na begi lake."

"Na Brian, baba?"

Mzee aliendelea kuchuma. Tabita aliitazama mikono yake, mikono ya mtu aliyekulia kwenye mibuni, ikichuma mbivu na mbichi pamoja na kuzitupa kwenye ndoo moja.

Alirudi Tunduma bila ruhusa na bila kusema. Gwantwa ameahidi kwamba siku Isaka akiamka na moyo mzuri atalitaja neno hospitali, kama kitu alichokisikia redioni. Kila wakiongea, Tabita huuliza kama siku hiyo imefika. Gwantwa huanza kumweleza habari za mahindi.