Daktari Anasema Mama Ameshiba

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya hospitali hapa Isiolo, jino likinitesa, wakati mama mja mzito alipofika na lori kutoka Korbesa, ameshikwa mkono na mama mkwe wake. Daktari, mgeni asiyejua Kiswahili, alimpapasa tumbo, akasema neno moja tu: “Full.”

Karani anayemtafsiria akajikohoza. “Daktari anasema huyu mama ameshiba.”

Mama mkwe alitoa shuka begani, akajifunga kiunoni. “Ameshiba nini? Tangu jana hajaonja hata maziwa! Mwambie aangalie tena.”

“Mama, wacha kelele. Mtu ameshiba anaenda nyumbani.”

“Mimi siendi.”

Wakiwa bado wanabishana, mwenye tumbo alishika meza kwa mikono miwili, na maji yakamwagika sakafuni. Karani alikimbia kumwita nesi. Kabla jino langu halijang’olewa, tulisikia mtoto akilia, na foleni nzima ikapiga makofi.

Nyumbani nilifungua kamusi. Kumbe neno hilo la Waingereza ni la kale, na hata neno lao la kujaza limetokana nalo. Wao hulitumia kwa debe lililojaa, mtu aliyeshiba, mwezi mpevu na mimba iliyotimia. Sisi kila kimoja tumekipa neno lake, na karani alichukua lililokuwa karibu.

Jana nilipita huko tena. Daktari alisema tena “full,” na karani, kabla ya kutafsiri, alimwinamia akamuuliza kwa Kiingereza chake: “Full ya nini, daktari?”