Mwaka Tuliosema "Iko Njiani"

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Bariadi mjini, na mwaka ule tulikuwa bado hatujakizoea. Tulipelekwa pale kwa malori wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini, na paa la nyumba yetu ya zamani liliezuliwa tukiwa tumesimama nje tunatazama. Baba hakubisha. Nadhani ndiyo sababu alichaguliwa kuwa balozi wa nyumba kumi. Mama naye hakubisha, ila tangu siku hiyo kila akisikia injini kwa mbali aliacha anachofanya akasikiliza mpaka ipotee.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikilima pamba ya kijiji na vijana wenzangu. Rafiki yangu mkubwa alikuwa binti wa jirani, mrefu, mwenye sauti nzito na mzaha usioisha. Tulichota maji pamoja lamboni, tukapalilia pamoja, hata nywele tulisukana wenyewe kwa wenyewe.

Neno lenyewe lilianzia duka la kijiji. Muuzaji alikuwa mzee wa Kiislamu kutoka mjini, mpole, asiyependa maneno mengi. Ukimuuliza sukari, alijibu bila kuinua kichwa, "Iko njiani." Sabuni iko njiani. Hata mafuta ya taa, ambayo kwa Kiswahili tulichofundishwa shuleni yangekuwa "yako njiani", kwake nayo yalikuwa "iko njiani." Rafu zilikaa tupu, na sisi tuliendelea kuuliza.

Siku moja shambani msimamizi alimuuliza rafiki yangu mstari wake wa kupalilia umeishia wapi. Akamjibu kwa sauti ileile ya muuzaji, "Iko njiani." Tulicheka mpaka tukakaa chini. Wiki hiyohiyo kila kijana alikuwa analo. Ukiulizwa posa yako imefikia wapi, iko njiani. Ukiulizwa akili zako ziko wapi, iko njiani. Wavulana waliliandika kwa rangi kwenye madigadi ya baiskeli. Wauza samaki wa Lamadi walilichukua wakaondoka nalo, na waliporudi walituambia kwamba huko ziwani vijana wanalisema kana kwamba wamelizaa wao.

Wazee walianza kulitilia shaka kwenye salamu. Kwetu mtu akikuamkia "Mwangaluka", unajibu "Mhola", kwamba ni amani. Vijana wakaanza kujibu "Iko njiani." Mzee mmoja alimshika kijana mkono barabarani akamuuliza: kama amani iko njiani, je, hapa tulipo kuna nini? Kijana alikuwa hajalifikiria.

Baada ya hapo niliona watu wanaanza kutuangalia. Tukipita, mazungumzo yalikatika. Wengine walisema ni ishara ya wezi wa ng'ombe, kwamba kundi likishatoka bomani vijana wanapashana habari. Wengine walisema kuna watu wanaandaa jambo dhidi ya chama. Katibu kata aliwaita mabalozi wote, na baba aliporudi hakugusa ugali. Aliniita uani, akafunga mlango wa jiko kwanza.

"Ni nini kiko njiani?" akaniuliza.

Nikamwambia ni sukari. Nikamweleza habari za muuzaji, za msimamizi, na jinsi tulivyocheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza tena swali lilelile, polepole zaidi, na hapo nikajua kwamba haniamini. Tangu nizaliwe baba hakuwa amewahi kuniangalia hivyo. Alisema ameagizwa kujua nani alianzisha, na kwamba nikilijua jina ni afadhali litoke kwangu kuliko kwa mtu mwingine. Sikulitoa.

Nyumbani kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulielewa. Mama alikuwa anafunga vitu. Nilikuta michembe, vile vipande vyetu vya viazi vilivyokaushwa, imeshindiliwa kwenye gunia nyuma ya kitanda, na sufuria nzuri imefungwa kwenye khanga. Nilipomuuliza alisema anavikinga na panya.

Lililoniuma zaidi lilikuwa lamboni. Wasichana waliokuwa wakinipisha nichote nao walianza kunyamaza nikifika. Mimi ni binti wa balozi. Waliona wazi habari zimepitia wapi. Rafiki yangu alianza kuja kuchota mapema kabla yangu, na tukikutana njiani alinisalimia kwa adabu, kama unavyomsalimia mgeni. Na mimi nikaanza kuwapeleleza wao: nani alikuwa karibu na katibu, nani alicheka kwa kujilazimisha. Nilimshuku karibu kila mtu.

Mkutano wa hadhara ulipoitishwa, katibu kata alimsimamisha rafiki yangu mbele ya kijiji kizima. Jina lake lilikuwa limeshafika. Akamtaka aeleze neno lile lina maana gani. Sauti yake ilitoka ileile nzito.

"Tulilisikia dukani," akasema. "Tukiomba sabuni."

Watu wote wakamgeukia muuzaji. Yule mzee akavua kofia, akasema kwa upole kwamba yeye anawaambia wananchi kile anachoambiwa wilayani, wala hajaongeza neno. Kuendelea kuuliza kungemfikisha katibu wilayani, mahali ambapo hakutaka kufika. Akatangaza kwamba kuanzia leo ni marufuku kulisema, akafungua habari za mbegu za pamba.

Rafiki yangu hakuadhibiwa. Madigadi yalipakwa rangi upya, na neno likafa lenyewe kabla ya mavuno. Lakini hakurudi kuchota maji nami. Aliolewa Migato, na siku ya kumsindikiza nilibaki nyuma ya wanawake wengine, naye hakunitafuta kwa macho.

Ukweli niliupata nikiwa mama wa watoto wakubwa. Baba alikuwa ameshafariki. Tulikuwa tunapepeta mpunga na mama, nikataja mwaka ule, nikasema hadi leo sijui nani alilipeleka lile neno kwa katibu. Mama akaweka ungo chini.

"Ni mimi, mayu," akasema; mayu, yaani mama, ndivyo alivyozoea kuniita. "Nilimuuliza mke wake kama malori yanakuja tena. Nilisikia ninyi watoto mnasema iko njiani, iko njiani, nikajua mmeambiwa na sisi tumefichwa."

Hakuwa ameshtaki mtu. Alitaka tu kujua afunge mizigo lini. Mke wa katibu akamuuliza mumewe, mumewe akaogopa kwa namna yake, na hofu ikateremka mpaka lamboni.

Nilikwenda Migato kumweleza rafiki yangu. Alinikaribisha vizuri, akanipikia, akanisikiliza kwa utulivu. Nilipomaliza alisema anamwonea huruma mama. Halafu akaniuliza, akitazama pembeni, kama nina hakika hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nikamwambia nina hakika. Akaitikia kwa kichwa, akainuka kwenda kufunga ndama.