Habari Yoyote Kutoka Beni

Nafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari hapa Mususa, Butembo, na kama kuna neno lililonichosha miaka yote hii ni "any". Wanafunzi wanalitia popote, kama mpishi anayetia chumvi bila kuonja.

Mwaka ule dada yangu mkubwa, ninayemwita yaya, alikuwa amekimbilia kwangu na watoto wake kutoka mtaa wa Ruwenzori, kule Beni. Mume wake alikwenda shambani kuvuna kakao, na wauaji wakaingia upande ule. Wengine waliouawa siku ile walipatikana, wakazikwa. Yeye hakuonekana, si mzima si maiti. Tangu hapo yaya alishuka kila siku kwenye kituo cha magari kuwauliza madereva wa Beni, "Iko habari?" Nilichukia kumwona akirudi. Nilichukia zaidi wale madereva waliomjibu kwamba Mungu ni mwema, badala ya kumwambia hapana.

Alasiri moja nilikuwa natayarisha somo kwa sauti, yaya akichambua maharagwe karibu yangu. Akataka kujua hiyo "any" ni kitu gani. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi. Ukimkaribisha mgeni chai, na thermos iko mezani, unauliza kwa "some", maana unangoja aseme ndiyo. Ukiuliza kwa "any", hujui kama kitu kipo, hata tone. Ukikanusha nayo, inafagia vyote, hakibaki hata kimoja. Lakini ukikubali nayo inageuka: lete yoyote, mimi sichagui.

Akaokota kokoto katika maharagwe, akaitupa nje.

"Donc miye naulizaka na ile ya thermos," akasema, akichanganya Kifaransa kama kawaida yake. "Kila siku. Ile ya kupokea yoyote, sijafika pale."

Nilitamani ningekuwa mwalimu wa hesabu.

Haukupita muda mrefu, shemeji yake, kaka mkubwa wa mume, akaja kutoka Beni. Tulimpa chakula kwanza, kwa sababu mtu aliyebeba neno zito hasemi kabla ya kula. Aliponawa akasema ukoo umekaa kikao. Kwao, mtu asiyepatikana huzikiwa mgomba badala ya mwili: shina linakatwa kwa urefu wake, linafungwa katika nguo yake, linalazwa kaburini, na watu wanalia kama wanavyolia siku zote. Bila hivyo matanga hayaishi. Lakini mke akikataa, hakuna atakayeshika jembe.

Nilimtazama yaya. Nilitaka akubali, watoto wake wapate kulala.

"Shemeji," akauliza, "hata mutu mumoja hakumuona?"

"Hata mumoja, mama. Tuliuliza batu bote."

"Hata kiatu?"

"Hata kiatu."

Safari hii aliuliza kama mtu aliye tayari kusikia hapana. Mimi ndiye niliyemfundisha, na iliniuma sana.

"Basi muchimbe," akasema. "Batoto bapate kaburi ya baba yabo."

Mzee alishusha pumzi, akamshukuru Mungu. Kisha akaomba nguo ya kufungia mgomba. Yaya akaingia chumbani, tukamsikia akipekua mzigo aliokimbia nao, akatoka na koti la mvua lililochanika kwapani. Mzee akaligeuzageuza. Akauliza, kwa heshima, kama hakuna nguo nzuri kidogo, kwa mfano ile suti ya kanisani.

"Iko," yaya akasema. "Mais ile hapana. Akirudi, kanisani ataenda na nini?"

Mzee alilikunja lile koti, akalitia katika mfuko wake, na asubuhi tukapanda gari sote kwenda Beni kuzika.