Kete ya Kumi

Kabla hujaniuliza kama nilikuwa nimekunywa: hapana. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua likiwaka, na kifaa changu cha kurekodi kilikuwa mezani kimewashwa. Nafanya kazi katika redio ndogo hapa Uvira. Nimezoea kutowaamini watu, nami mwenyewe nikiwemo. Nitakueleza nilichokiona kwa mpangilio, na palipo na shaka nitakwambia pana shaka.

Mwalimu Kashindi alifundisha historia katika shule moja ya sekondari karibu na ziwa. Wanafunzi wake waliijua Misri ya kale kwa michezo ya simu: unaingia ndani ya piramidi, unaua mumia kwa risasi, unatoka na dhahabu. Jambo hilo lilimkera. Akatafuta mchezo walioucheza Wamisri wenyewe, akachapisha karatasi ya sheria zake, akaibandika ukutani, kisha akachonga ubao: nyumba thelathini katika safu tatu, vijiti vinne vya kurusha, kete tano kwa kila mchezaji. Chini ya kila kete alichoma herufi N kwa msumari wa moto, kwa ajili ya binti yake Neema. Kete tisa zilikaa shuleni. Ya kumi alitembea nayo mfukoni.

"Musicheze bila minye," aliwaambia wanafunzi, akijigusa kifua. Wakacheka, wakaweka haragwe mahali pa kete ya kumi.

Miezi mitatu kabla ya siku ninayoisimulia, alipanda boti kwenda Baraka. Upepo ukaipindua. Wengine waliokolewa, wengine waliletwa pwani wakiwa maiti. Yeye hakuonekana.

Ndugu zake walitaka kuzika mgomba, kama inavyofanywa mtu anapopotea bila maiti. Gogo la mgomba linavishwa nguo zake, linalazwa kaburini, kilio kinakwisha. Mkewe, Mama Neema, akakataa.

"Nikizika mugomba, ni minye nitakuwa nimemuua," aliniambia. "Na akirudi? Akute kaburi yake?"

Wakwe wakampa hadi mwisho wa mwezi.

Mimi nilikuwa nikitayarisha kipindi kuhusu ubao ule. Mlinzi wa shule, Papa Lubunga, alinifungulia darasa akarudi langoni. Nikapanga kete, nikaweka haragwe penye pengo, nikaanza kusoma sheria kwa sauti.

"Unacheza na nani?"

Mtu alikuwa mlangoni.

"Hakuna mutu, papa. Niko naonyesha tu."

"Huu muchezo hakuna mwenye anauchezaka peke yake," alisema, akavuta benchi, akaketi.

Alikuwa mwanaume wa makamo, koti la kijivu, viatu safi. Viatu nilivitazama sana, maana njia ya shule ile ni vumbi tupu. Nilimdhania mwalimu, kisha nikamdhania mtu aliyetumwa kuchunguza redio inatafuta nini. Nilimshuku, niamini, ila kwa mambo mengine kabisa. Unadhani nilimwuliza jina? Mimi, ambaye huuliza kila mtu jina kabla sijakaa, sikumwuliza.

Akachukua upande wenye haragwe. Aligonga vijiti mezani mara mbili kabla ya kuvirusha.

Mchezo wenyewe si mgumu: unazitoa kete zako zote ubaoni kabla ya mwenzako. Lakini karibu na mwisho kuna nyumba ya maji. Karatasi ilisema anayeangukia humo arudi nyumba ya kumi na tano, aanze upya kutoka hapo. Tulikuwa tumebaki na kete moja moja wakati yake, lile haragwe, ilipoangukia majini.

"Rudi nyuma, papa," nikamwambia. "Karatasi iko inasema vile."

"Karatasi iliandikwa na nani?"

"Sijui. Na wenye elimu."

"Na bale wenye elimu, walishaka ingia mu maji?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mwenye iko mu maji harudiake nyuma," alisema. "Anangojaka. Mwenzake akipata ine, anaweza kumutoa. Ao anaitumia kwa yake. Ni roho yake tu."

Nikaona ujanja. Nani hajakutana na mtu anayebuni sheria akiona anashindwa? Lakini nikakubali, nikiwaza kwamba maneno hayo yatapendeza hewani.

Nikarusha. Vijiti vyote vinne vikalala upande bapa juu. Nne, ile ine aliyoitaja.

Aliweka kidole karibu na kete yake bila kuigusa, akanitazama. Kete yangu ilikuwa katika nyumba ya mwisho. Ningeitoa kwa namba yoyote zamu inayofuata. Sikuwa na haja ya ile nne. Nikaitumia kwa kete yangu.

"Nne! Nimekula!" nilipiga kelele kama mtoto.

"Ni vile," alisema akisimama. "Bote banafanyaka vile."

Akatoka, akaelekea upande wa ziwa.

Nilipokusanya kete ndipo nilipoona. Haragwe lilikuwa juu ya benchi, pale alipoketi. Katika nyumba ya maji palikuwa na kete ya mti. Nikaigeuza: N. Nikahesabu mara tatu. Zilikuwa kumi.

Nilikimbilia langoni. "Mugeni gani?" Papa Lubunga akaniuliza. "Minye niliona weye tu. Ao jua imekupiga?"

Hapa pana shaka, nami siifichi. Ukuta wa upande wa ziwa ulianguka maji yalipopanda. Yeyote aweza kuingilia huko. Labda mtu yule aliikuta maiti, akachukua kilichokuwa mfukoni. Labda alifanya mabaya zaidi. Kugonga vijiti mara mbili ilikuwa tabia ya Kashindi, lakini wanafunzi wote waliiiga. Na sura haikuwa ya Kashindi, wala sauti: nilimsikilizisha Mama Neema dakika za mwanzo, akasema haijui.

Lakini kete aliijua. Aliishika muda mrefu. Nikamweleza ile sheria ya maji.

"Na weye, shemeji?" akaniuliza. "Ulipata ine?"

"Hapana," nikasema. "Sikupata."

Akatikisa kichwa polepole. Wiki ile mgomba ukazikwa, umevaa shati la bluu la mwalimu. Kete aliitia mwenyewe katika mfuko wa shati. Nilisimama pale na kifaa changu kimezimwa.

Baadaye nilirudi darasani kuisoma karatasi yote. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba sheria za kweli hazikupatikana. Wataalamu wamezikisia kutokana na mbao na michoro ya makaburini. Palikuwa na mchoro mmoja: malkia ameketi mbele ya ubao, anacheza, na upande wa pili hakuna mtu. Nilikuwa nimeupita mara nyingi nikidhani mchoraji alikosa nafasi.

Rekodi bado ninayo. Sauti yangu inasikika ikisema "Nne!", kisha maneno ya mgeni, kisha mtu anavuta pumzi ndefu, kama anayetaka kuzama. Sijaifuta. Mama Neema hajaisikia sehemu hiyo. Siku za soko huniletea samaki wabichi aina ya mikeke kwa kuwa nilimletea mumewe, ndivyo anavyosema, na mimi hupokea samaki nikitazama chini.

Wewe ni wa kwanza kuambiwa. Basi nawe ukikaa na mgeni kwenye mchezo ambao sheria zake umezisoma karatasini tu, naye akakwambia anazijua, muulize jina lake kwanza. Na ukipata nne, nakusihi, mtoe.